Mwanzi Urudi Ndani? Mjadala wa Sakafu Rasbura

Nyumba nyingi za Lindi hujengwa kwa kufuata mazao. Pesa ya ufuta inanyanyua kuta, pesa ya korosho inaezeka, kisha nyumba inasubiri msimu mwingine. Ikifika zamu ya sakafu, ndugu huanza kubishana, maana ukuta ni wa fundi na paa ni la bei ya bati, lakini sakafu kila mtu ataikanyaga.

Sauti nne zinazofuata nimezipanga mwenyewe. Sikuzipa majina kwa kuwa kila mtaa wa Rasbura, hapa Lindi, unazo. Mpwa ana kazi Dar es Salaam na ndiye anayetuma pesa. Mjomba wake ni seremala mstaafu. Mama yake Mpwa ndiye atakayeishi kwenye nyumba hiyo na kudeki. Fundi ni kijana wa marumaru aliyeitwa kupima vyumba, akakuta kikao kimeshaanza.

MPWA: Mjomba, mimi nimeshaamua. Sebule na vyumba vyote, mianzi. Nimeiona hotelini Dar. Ukiingia unavua viatu mwenyewe bila kuambiwa. Haina ubaridi wa marumaru, haifugi vumbi kama zulia, na kuilaza ni kazi ya siku mbili. Ubao unaingia kwenye ubao mwenzake, kwisha.

MJOMBA: Mianzi ya wapi?

MPWA: Ya China. Kuna wilaya inaitwa Anji, mkoa wa Zhejiang, uchumi wake umesimama juu ya mianzi.

MAMA: Mianzi! Mwanangu, mimi nimezaliwa ndani ya mianzi. Ukuta wa bibi yako ulikuwa fito za mianzi na udongo, na ni wewe uliyesema unatia aibu, ukatuma pesa ubomolewe. Leo unaurudisha kwa kontena?

MPWA: Ule ulikuwa mwanzi mbichi, mama. Huu umepita kiwandani.

MAMA: Kwa hiyo aibu inatolewa kiwandani.

Hapo Mpwa alinyamaza kidogo, nami nachukua nafasi kusema kwamba Mama hatanii. Mwanzi haujawahi kuwa mgeni upande huu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria kule Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi, mzigo wote ulishuka bandarini kwa mabega na vichwa vya wapagazi, mwendo wa siku kadhaa. Msimamizi wa kazi pale machimboni alikuwa Boheti bin Amrani. Vipande vyepesi kuvunjika vilifungwa ndani ya mianzi iliyopasuliwa, vikapakiwa hivyo hivyo. Mjusi mkubwa kuliko wote alisimamishwa Berlin mwaka 1937, kimo chake leo ni zaidi ya mita 13, lakini baadhi ya mafungu ya mianzi yalikaa kwenye ghala la makumbusho karibu miaka mia bila kufunguliwa. Mwanzi wa Lindi ulivuka bahari zamani sana, tena ukiwa umebeba kitu cha thamani. Tulioushusha hadhi ni sisi wenyewe, tulipoanza kupima maendeleo kwa tofali za saruji.

Hata hivyo hoja ya heshima haiwezi kulaza sakafu. Fundi aliliona hilo mapema.

FUNDI: Bosi, samahani. Mimi sibishani na mianzi. Nauliza jamvi la zege lilimwagwa lini, na chini yake kuna nini?

MPWA: Kuna kifusi, mawe, moramu, halafu zege. Kila kitu kilifanyika. Nilituma pesa ya kila kitu.

FUNDI: Nailoni?

MPWA: Nailoni ya nini?

FUNDI: Ya kuzuia unyevu. Inatandikwa juu ya moramu kabla ya zege, karatasi nzito nyeusi, inapandishwa pembeni mpaka kwenye ukuta. Sijaiona ncha yake popote. Na angalia hapa chini ya dirisha.

Alipiga magoti akaparuza plasta kwa kucha. Ikatoka unga mweupe, laini, na nyuma yake rangi ikajikunja kama gamba. Akaonja. Mjomba naye akaonja, maana maseremala wa zamani hawaamini kinywa cha mtu.

MJOMBA: Chumvi.

FUNDI: Mchanga wa pwani, mzee. Mchanga wa bahari ni rahisi, uko karibu, lori linafika haraka. Lakini chumvi yake haikauki moja kwa moja, inavuta maji ardhini na hewani kila siku. Marumaru nitayabandika hapa na yatakaa, kwa kuwa marumaru hayanywi. Ubao wowote unakunywa.

Ningeweza kuufunga mjadala hapa, kwani kwa maoni yangu Fundi ameshasema neno kubwa kuliko yote. Wauzaji wa mbao za mianzi hukuonyesha rangi, ugumu, na picha ya sebule ya mtu mwingine. Asiyeuliza jamvi lako lilimwagwaje anakuuzia maradhi. Lakini Mpwa ana haki ya kujitetea, na utetezi wake si wa kitoto.

MPWA: Basi nieleze kitaalamu, maana nimesoma. Mwanzi ni nyasi, si mti. Mti wa mbao unahitaji miaka hamsini na zaidi. Mwanzi unakomaa kwa miaka mitatu mpaka mitano, unaukata na mizizi inatoa machipukizi mapya bila kupandwa. Kiwandani wanaupasua vipande, wanauchemsha, wanaukausha, wanaugandisha kwa gundi. Kuna aina ambayo nyuzi zake zinatenganishwa, zinalowekwa gundi, zinashindiliwa kwa mashine kubwa mpaka zinakuwa gogo moja. Hiyo ni ngumu kuliko mbao nyingi ngumu. Unasukuma kabati, haina mkwaruzo.

MJOMBA: Na ile ya rangi ya kahawia?

MPWA: Ile imepikwa kwa mvuke na joto mpaka sukari yake ikaungua kidogo.

MJOMBA: Basi hiyo ni laini kuliko ile nyeupe. Kitu ukikipika kinapoteza nguvu, na kama muuzaji hakukwambia, mimi nakwambia. Sasa nisikilize, mpwa wangu. Unasema unaokoa miti. Mimi nimepasua mninga na mkongo maisha yangu yote, na ninajua misitu ilivyoliwa. Mvule wa Rondo ulishuka kwa malori tangu enzi za Mwingereza, na waliobaki kule juu walibaki na visiki. Kwa hiyo hoja yako naiheshimu. Lakini Kilwa hapo, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, kile cha misitu inayovunwa kwa utaratibu, mwaka 2009 kwa misitu yao wenyewe. Wanakijiji wanahesabu miti, wanaamua ikatwe mingapi, na pesa inaingia kijijini. Mpingo wao unatengeneza zumari za wazungu. Ubao wa msitu wa namna hiyo unasafiri kwa barabara tu mpaka hapa. Wako unavuka Bahari ya Hindi nzima na gundi yake. Nani anaokoa msitu?

MPWA: Bei ya mkongo unaijua, mjomba?

MJOMBA: Naijua. Ndiyo maana sikukwambia uweke mkongo nyumba nzima. Nimekwambia usijisifu.

Nampenda Mjomba kwa jibu hilo. Mjadala wa mazingira huharibika pale mtu anapoweka ubao wake kwenye mzani na kusahau meli. Gundi aliyoitaja nayo si neno la kupita: nyingi ya zile zinazogandisha mbao za namna hii zina fomaldehidi, gesi inayochoma macho na koo, na kiasi chake hutofautiana sana kati ya kiwanda na kiwanda. Mtu akifungua boksi na harufu ikampiga usoni, asilaze watoto chumba kile. Madirisha ya Lindi huachwa wazi, hilo linasaidia, ila si sababu ya kununua bidhaa isiyo na karatasi ya vipimo.

Kuna swali jingine ambalo Mpwa hakuulizwa: kwa nini mwanzi wetu wenyewe usiwe sakafu? Mwanzi wa nyanda za chini unaoota kusini mwa Tanzania una kuta nene, mashina mengine karibu hayana tundu. Si kama ule wa milimani ambao ndani ni mtupu. Malighafi si mbaya hata kidogo. Kilichokosekana ni tanuri la kukaushia, shinikizo na gundi, na zaidi ya hapo kuna mdudu.

MJOMBA: Dumuzi.

MAMA: Huyo namjua. Usiku unasikia *kr kr kr* darini, asubuhi unakuta unga mwembamba juu ya chandarua.

Dumuzi wa mianzi ni wa ukoo mmoja na yule aliyeripotiwa Tabora mwaka 1981 akimaliza mahindi ghalani. Wote wanafuata wanga. Shina la mwanzi lina wanga mwingi ndani yake, na likikatwa mbichi na kukaa hivyo, ni kama kumwandalia chakula. Wazee walilijua bila maabara: walikata kiangazi, wakauloweka mwanzi majini wiki kadhaa mpaka unanuka, wanga ukatoka. Viwanda vinauchemsha, au vinaulowesha kwenye mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki. Kanuni ni ileile. Ubao uliochemshwa sawasawa hauliwi na dumuzi kirahisi. Mchwa ni habari nyingine, na mchwa wa Rasbura hasomi lebo ya boksi.

Sasa niwarudishe kwenye hesabu, kwa sababu Fundi alitoa penseli nyuma ya sikio.

FUNDI: Bosi, sebule yako ina upana gani?

MPWA: Mita tano.

FUNDI: Ubao ukitoka kiwandani unakuwa umekaushwa, maji yake kama asilimia nane au kumi. Hewa ya hapa, masika, mbao yoyote inajipandisha yenyewe mpaka kumi na tano, kumi na sita. Ikinywa maji inatanuka, na inatanuka kwa upana, si kwa urefu. Chukulia imetanuka nusu asilimia tu. Mita tano, nusu asilimia, ni sentimita mbili na nusu. Maelekezo ya boksi yanasema uache nafasi ya milimita kumi au kumi na mbili kila ukuta, unaifunika kwa skatingi. Pande mbili, milimita ishirini na nne. Umeshaishiwa nafasi.

MPWA: Ikiishiwa?

FUNDI: Inapanda juu. Katikati ya sebule unapata tuta.

Hili nimeliona kwa macho katika nyumba moja ya pwani, sakafu imejinyanyua kama mgongo wa ngamia, na mwenye nyumba ameweka meza ya kioo juu yake ili wageni wasiulize. Kinyume chake nacho kipo. Ukilaza mbao mwezi Machi zikiwa zimeshiba, ikifika Agosti zinapungua, na kati ya ubao na ubao panaingia sarafu. Mafundi wanaojua kazi huziacha mbao ndani ya chumba chenyewe, boksi zimefunguliwa, zipumue. Maelekezo mengi husema saa 72. Kwa hewa yetu ningezipa wiki mbili, na nisingekubali kufungua boksi hata moja kabla plasta ya kuta haijakauka. Zege nalo lina uvivu wake: kwa kukadiria, unene wa sentimita mbili na nusu unataka mwezi mzima kukauka, kwa hiyo jamvi la sentimita kumi ni miezi minne, ikiwa maji hayapandi kutoka chini. Chini ya nyumba hii yanapanda.

MAMA: Mmenisahau mimi.

MPWA: Hapana, mama. Nyumba ni yako.

MAMA: Basi niambie, nadeki vipi?

MPWA: Kitambaa kimekamuliwa vizuri, unapitisha tu. Maji usimwage.

MAMA: Maji nisimwage. Watu wanatawadha mara tano, wanaingia na miguu mibichi. Wajukuu wanatoka kuoga wanakimbia. Mchanga unaingia na kila mguu, na mchanga ni msasa. Wewe unasema haina ubaridi wa marumaru, kama vile ubaridi ni ugonjwa. Mwezi wa kumi na mbili, umeme umekatika, feni imesimama, watoto wanalala wapi? Chini, juu ya sakafu, kwa sababu inapoa. Huo ubao wa moto ni wa watu wenye theluji.

Hakuna aliyejibu haraka. Sifa ya kwanza ya sakafu ya mbao, kwamba ni vuguvugu mguuni, iliandikwa na watu wanaoamka alfajiri kwenye baridi kali, nasi tukaipokea pamoja na boksi lake. Pwani hii tangu zamani ilitafuta sakafu ya baridi. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliandika kwamba nyumba za mji ni za mbao, lakini mwenyeji wake, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, jumba la matumbawe na chokaa juu ya bahari, na bwawa lake la pembe nane. Ukienda leo, sakafu za magofu ya Kilwa Kisiwani ni chokaa. Matumbawe yalichomwa juu ya lundo la kuni, yakazimuliwa, yakatandazwa na kutwangwa mpaka yakashikana. Mwenye uwezo wa kukata mti wowote alichagua kukanyaga jiwe.

MPWA: Lakini mama, mwaka jana ulianguka kwa dada, kwenye marumaru.

MAMA: ...Nilianguka.

MPWA: Yalikuwa yamelowa. Na goti linakuuma ukisimama juu yake muda mrefu, umesema mwenyewe.

MAMA: Nimesema. Marumaru yakilowa yanateleza, na mfupa wangu si wa kuunganishwa tena. Sikatai.

Hii ndiyo hoja pekee ya Mpwa ambayo haikutoka kwenye tangazo, na ndiyo iliyogeuza kikao. Mzee anayeamka usiku kwenda chooni anastahili sakafu isiyomtupa. Marumaru yanayong'aa, ambayo sasa yanatoka viwanda vya Mkuranga na Chalinze na kuteremka barabara ya kusini kwa bei inayomezeka, yamenunuliwa kwa macho. Wachache huuliza kama yana mparuzo. Fundi alisema, kwa haki, kwamba marumaru ya mparuzo yapo, watu hawayataki kwa sababu yanashika uchafu. Sakafu ya saruji iliyopigwa vizuri na kutiwa rangi nyekundu, ile ya nyumba za walimu wa zamani, haitelezi sana, inapoa, na saruji inatengenezwa Mtwara hapo. Siku hizi mtu ukimwambia aiweke anaona umemtukana.

MJOMBA: Mimi nina rai. Mianzi sebuleni, hapana. Korido, hapana. Chumba cha dada yangu, mama yako, kile cha upande wa mashariki kisicho na choo ndani, tunaweza. Lakini isilale juu ya zege. Tunapanga mihimili ya mkongo, tunaipandisha juu ya vitofali, hewa ipite chini, matundu ukutani yenye wavu. Mchwa akija anaonekana.

FUNDI: Mzee, mlango utagonga. Kimo cha chumba kitapungua, na kutakuwa na kizingiti cha kupanda. Mama anaanguka tena, safari hii mlangoni.

MJOMBA: Kweli.

FUNDI: Tufanye hivi. Nakata nailoni nusu mita kwa nusu mita, naibandika juu ya jamvi kwa tepu pande zote, isipite hewa. Tunaiacha usiku kucha na mchana wake. Tukiifunua, chini yake pakiwa na matone au zege limekuwa jeusi, hakuna mianzi chumba hicho mpaka tupake dawa ya kuziba unyevu na kutandika nailoni juu yake. Pakiwa pakavu, tunaongea. Nabandika tatu: kwa mama, sebuleni, na pale penye chumvi.

MPWA: Na tukipaka hiyo dawa, una uhakika?

FUNDI: Kwa chumba kimoja naweza kusimamia mwenyewe. Kwa nyumba nzima siwezi kukudanganya. Halafu Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika kule Somanga na watu walikuwa na maji ndani. Marumaru unayaosha tope, maisha yanaendelea. Mianzi ikilala majini siku mbili unaitoa yote.

Mpwa alitaka kusema kitu kuhusu hoteli ya Dar, akaacha. Nadhani alikumbuka kuwa hoteli ile ina kiyoyozi usiku na mchana, na kwamba sakafu aliyoipenda ilikuwa inaishi katika hewa ya kununuliwa. Hilo sikulitia kinywani mwa Fundi kwa kuwa lingekuwa ukali wa bure.

MPWA: Chumba cha mama ni tatu kwa nne. Mita za mraba kumi na mbili.

FUNDI: Ongeza sehemu ya kumi kwa vipande vinavyokatwa pembeni. Kumi na tatu na kidogo. Nunua kumi na nne, ile ya nyuzi zilizoshindiliwa, nyeupe, siyo iliyopikwa. Zote ziwe za toleo moja, rangi zisipishane.

MAMA: Na sebuleni?

FUNDI: Sebuleni mtachagua kati ya marumaru ya mparuzo na saruji nyekundu.

MAMA: Saruji nyekundu. Na mkeka wangu juu yake. Wewe mwanangu hiyo pesa iliyobaki, fukueni pale chini ya dirisha mtoe plasta yenye chumvi, mpige upya kwa mchanga wa mtoni.

MPWA: Mchanga wa mtoni nani anauza, mjomba?

MJOMBA: Subiri nimpigie mtu wa lori. Ila huyu lazima tusimame pale pale anapopakia.